Mkasi wa Alfredo: kuhusu filamu "Nuovo Cinema Paradiso" na hamu ya majumba ya sinema

Wazee wa miji yetu wanapozungumzia majumba ya sinema, sauti zao hubadilika. Hukumbuka msongamano wa Jumapili alasiri mbele ya dirisha la tikiti, mwale wa mwanga uliotoka katika tundu dogo la ukuta wa nyuma, na miluzi ya vijana pindi mkanda ulipokatika. Sisi tuliozaliwa baadaye tuliyakuta mengi ya majumba hayo yamekwisha kuwa makanisa, maghala au magofu. Filamu tulizitazama katika vibanda vya video, tumebanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja. Hata hivyo sisi pia tunayahuzunikia majumba hayo, kama mtu anayelia matangani kwa ajili ya marehemu ambaye hakupata kumwona. Jambo hilo lastahili kuchunguzwa. Ni kitu gani hasa tunachokililia: ni nyumba, ni filamu, ni ujana wa wazazi wetu, au ni kazi ya mtu fulani ambaye jina lake hatukupata kulijua?

Katika kurasa hizi tutaliuliza swali hilo kwa kuisoma upya filamu moja ambayo pengine imeieneza huzuni hiyo duniani zaidi ya nyingine: Nuovo Cinema Paradiso ya Mwitalia Giuseppe Tornatore. Ilitoka mwaka 1988, ikapata tuzo maalumu ya waamuzi huko Cannes mwaka 1989, na Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 1990. Wahakiki wengi wameisifu, na wengine wameilaumu, kwa sababu ileile, yaani kwamba ni filamu ya machozi inayoyapamba mambo ya kale. Dai letu ni kinyume. Katika filamu hii, mtu anayeyajua mambo ya kale kuliko wote, yaani mwonyeshaji picha, ndiye anayeikataza hamu hiyo. Na sababu ya katazo lake imo katika kazi ya mikono yake.

Tuanze na neno lenyewe. Nostalgia, neno ambalo lugha nyingi za Ulaya zinalitumia, liliundwa mwaka 1688 na daktari Johannes Hofer katika tasnifu yake ya mjini Basel. Aliunga maneno mawili ya Kigiriki, la kurudi nyumbani na la maumivu, ili kuutaja ugonjwa wa watu waliokuwa mbali na kwao. Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo. Hamu huelekea mbele sawasawa na nyuma, kwani mtu huwa na hamu ya chakula ambacho hajakila. Majonzi ni ya msiba. Ukiwa ni hali ya aliyeachwa, wala hautaji anachokitamani. Hapa tutasema hamu ya kurudi, kwa sababu ugonjwa wa Hofer ulikuwa wa mahali kabla haujawa wa wakati: mgonjwa aliweza kupona akirudishwa kwao. Anayelitamani jumba la sinema lililobomolewa hana pa kurudishwa.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kusimulia. Salvatore Di Vita, mtengenezaji mashuhuri wa filamu huko Roma, hajakanyaga kijijini kwao Giancaldo, katika kisiwa cha Sisilia, kwa muda wa miaka 30. Usiku mmoja anapata habari iliyotoka kwa mama yake kwamba Alfredo amefariki. (Giancaldo ni kijiji cha kubuni, sehemu kubwa ya picha zilipigwa katika mji wa Palazzo Adriano.) Kuanzia hapo tunarudishwa kwenye miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili, wakati Salvatore alipokuwa mtoto aitwaye Totò, mtumishi wa altare, ambaye baba yake hakurudi kutoka vitani Urusi. Mtoto huyo anang'ang'ania kupanda kwenye chumba cha mitambo cha jumba la Paradiso, na Alfredo anamfukuza, kisha anamzoea, kisha anamfundisha.

Alfredo, anayechezwa na Mfaransa Philippe Noiret, haisifu kazi yake hata kidogo. Anamweleza mtoto kwamba aliianza akiwa na umri wa miaka kumi, enzi ya mitambo iliyozungushwa kwa mkono; kwamba mtu huishi mle ndani peke yake kama mtumwa, akiitazama filamu moja mara mia, hata akaanza kuzungumza na waigizaji kama mwendawazimu; kwamba siku za sikukuu wengine wanapopumzika yeye yumo kazini, isipokuwa Ijumaa Kuu. Furaha yake ni moja tu. Watu wakicheka chini, yeye huona kana kwamba ndiye aliyewachekesha. Mtazamaji mwenye machozi mepesi huyapita maneno haya upesi, kwani chumba chenyewe kimepigwa picha kwa uzuri mno, pamoja na muziki wa Ennio Morricone juu yake. Lakini maneno yamesemwa.

Yafaa tueleze hapa kilichofanyika katika vyumba hivyo, maana bila hayo hatuwezi kujua ni ufundi gani uliopotea. Mkanda wa kawaida ulikuwa na upana wa milimita 35, nao ulipita mbele ya taa kwa kiasi cha picha 24 katika sekunde moja. Haukupita kwa mtiririko. Kila picha ililazimika kusimama kabisa, iangazwe, kisha ivutwe ili nyingine ichukue nafasi yake, na kazi hiyo ya kusimamisha na kuvuta ilifanywa na chuma kidogo chenye umbo la msalaba wa Malta. Taa yenyewe, kabla ya kuja taa za xenoni katika miaka ya 1950, ilikuwa moto baina ya vijiti viwili vya kaboni vilivyokuwa vikiteketea. Mwonyeshaji alipaswa kuvisogeza kila mara, ama sivyo nyuso kwenye kiwambo zingegeuka manjano na kufifia. Bobini moja kubwa ilidumu dakika 20 hivi. Kwa hiyo filamu ya saa moja na nusu ilikuja katika bobini tano. Katika majumba yenye mitambo miwili, bobini ilipokaribia mwisho, alama ndogo ya duara ilijitokeza kwenye pembe ya juu ya kulia ya picha kwa muda mfupi mno. Hapo mwonyeshaji aliuwasha mtambo wa pili. Sekunde kama saba baadaye ilitokea alama nyingine, naye akabadilisha mwanga kutoka mtambo huu hadi ule. Watu mia kadhaa walikuwa wameketi, wala hapana hata mmoja aliyetambua.

Huo ndio ufundi ambao kufaulu kwake ni kutoonekana. Mchonga vinyago huacha kinyago, mwimbaji huacha sauti masikioni. Mwonyeshaji picha akifanya kazi yake vema hajaacha kitu, ila hasara pekee aliyoiepusha. Umati humkumbuka anapokosea, nao humkumbuka kwa miluzi. Twaamini kwamba hii ni sababu mojawapo ya hamu ya majumba ya sinema kushika viti, mapazia na tikiti, ikamsahau aliyekuwa nyuma ya ukuta.

Zaidi ya hayo kulikuwa na hatari. Mikanda ya zamani ilitengenezwa kwa nitrati, ambayo ikishika moto hauzimiki hata kwa maji, kwa kuwa inajizalishia oksijeni yenyewe. Utengenezaji wake ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1950. Katika filamu ya Tornatore moto unatokea usiku ambao Alfredo anatenda ukarimu wake mkubwa. Watu wamefungiwa nje, jumba limejaa; naye anaigeuza picha kwa kioo, ipite dirishani, iangukie ukuta wa nyumba iliyo upande wa pili wa uwanja. Kijiji kizima kinashangilia. Nyuma yake mkanda unawaka. Totò anamburura kutoka katika moto, lakini macho yake yameungua. Jumba linajengwa upya kwa fedha za mtu aliyeshinda bahati nasibu, na mtoto, ambaye kijijini hapana mwingine anayeijua kazi hiyo, anakuwa mwonyeshaji.

Maonyesho ya nje yanarudi tena baadaye, wakati Salvatore ni kijana naye anaonyesha filamu ya Ulysses usiku wa kiangazi kando ya bahari. Uchaguzi huo hauwezi kuwa wa bahati tu: Ulysses ndiye msafiri anayetamani kurudi kwao kuliko wote katika fasihi ya Ulaya. Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki, wakiziona picha hizo, watalikumbuka jumba la wazi la Dar es Salaam, ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari yao. Lilifunguliwa mwaka 1966, na mahali pake leo pamesimama ubalozi wa Marekani. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza maisha ya jumba hilo, na ya majumba mengine ya Tanzania bara na Zanzibar, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018: familia za Jumapili, vyakula vilivyopikwa nyumbani, filamu za Kihindi kama Awara ya mwaka 1951. Humo twakutana pia na vijana waliobeba bobini kwa baiskeli kutoka jumba moja hadi jingine ili mkanda mmoja uonyeshwe mahali pawili usiku uleule. Na katika filamu ya Tornatore yumo vilevile mwendesha baiskeli anayechelewa barabarani huku umati ukipiga kelele. Ni kitabu kizuri mno. Lakini, kama jina lake kamili linavyotangaza, ni kitabu cha watazamaji na wafanyabiashara. Mtu wa chumba cha mitambo humo ni mpita njia.

Sasa tufike kwenye mkasi. Kabla ya filamu yoyote kuonyeshwa Giancaldo, Padri Adelfio huketi peke yake jumbani akiitazama, kengele mkononi. Kila busu linapokaribia anaipiga. Huko juu Alfredo anachomeka kipande cha karatasi kati ya mizunguko ya bobini ili asipoteze mahali, na baadaye anakata. Inampasa kuviunga tena vipande hivyo kabla ya kuurudisha mkanda kwa wenyewe. Lakini, anamwambia Totò, mara nyingine hapaoni tena mahali vilipotoka, basi vinabaki. Mwishoni, baada ya mazishi, Salvatore anakabidhiwa bobini moja aliyoachiwa na marehemu. Ndani yake mna mabusu yote yaliyokatwa, yameungwa moja baada ya jingine. Salvatore analia, na watazamaji duniani kote wamelia pamoja naye.

Tuliionyesha filamu hii kwa wanafunzi wetu kwa kompyuta na mtambo mdogo wa kuazima, na umeme ulikatika mara mbili. Tulipomaliza, tukitegemea maswali juu ya mapenzi, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alisimama akauliza: "Asistenti, huyu mzee si yeye padri wa pili?" Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa hakuwa ameona ila toleo fupi, naye alikuwa amelikisia lile refu.

Maana filamu hii ina matoleo matatu. La kwanza, lililoonyeshwa Italia mwaka 1988, lilikuwa la dakika 155 hivi, nalo halikupata watazamaji. Likapunguzwa hadi karibu dakika 124, na ndilo lililozunguka dunia na kutunukiwa. Mwaka 2002 likatolewa toleo refu zaidi, lipitalo dakika 170. Katika toleo hili Salvatore anakutana tena na Elena, msichana aliyempenda ujanani na ambaye alitoweka bila neno. Anapata kujua kwamba hakutoweka bila neno. Elena alifika kumtafuta. Alfredo, kipofu, ndiye aliyempokea. Ndiye aliyemshawishi aende zake kwa ajili ya mustakabali wa kijana, wala hakumwambia Salvatore kitu. Elena aliandika ujumbe nyuma ya karatasi moja miongoni mwa hati za kupokelea filamu zilizotundikwa katika chumba cha mitambo. Salvatore, mzee wa nywele nyeupe, anaingia katika gofu la Paradiso kabla halijabomolewa, anapekua karatasi zenye vumbi, anauona.

Kwa hiyo mwonyeshaji aliyekata mapenzi kwa amri ya padri alikata mara moja kwa hiari yake, na safari hiyo alikata katika maisha ya mtu. Bobini ya mwisho inabadilika maana mara moja. Katika toleo fupi ni zawadi ya mtakatifu. Katika toleo refu ni fidia, tena fidia pungufu: Alfredo hakumrudishia Salvatore busu lake mwenyewe, alimrudishia mabusu ya wengine. Lile katazo maarufu alilompa kijana pale kituo cha treni, kwamba asirudi, asiandike, asikubali kushindwa na hamu ya kurudi, na kwamba akirudi hatampokea nyumbani kwake, halitoki tena katika hekima ya wazee tu. Linatoka kwa fundi anayejua kwa mikono yake kwamba kipande kilichokatwa hakipati tena mahali pake kila mara.

Kama kazi ya sanaa, tunalichagua toleo fupi. Mkutano wa wapenzi wazee katika lile refu umerefushwa kupita kiasi, na maelezo mengi yanasemwa kwa mdomo pale ambapo karatasi moja yenye vumbi ingetosha. Lakini aliyekwisha kulijua toleo refu hawezi kulisahau anapolitazama fupi. Tena kuna kejeli isiyokusudiwa: filamu inayozungumzia mkasi ilipata utukufu baada ya kupitiwa na mkasi, na kilichotupwa kilikuwa ushahidi dhidi ya mkata mikanda.

Swali la mwanafunzi yule lilikuwa na mizizi ya kwetu. Historia ya sinema ya kikoloni katika Kongo, Rwanda na Burundi, iliyoandikwa na Francis Ramirez na Christian Rolot mwaka 1985, inatuonyesha jinsi filamu walizoruhusiwa kutazama Wakongo zilivyochujwa, na jinsi wamisionari wenyewe walivyoingia katika kazi ya kuzitengeneza: Padri Van den Heuvel huko Léopoldville, Padri De Vloo huko Kivu, Padri Van Haelst huko Kasai pamoja na wachekeshaji wake Matamata na Pilipili. Padri Adelfio wa Sisilia alikuwa na kengele peke yake. Mapadri wa huku walikuwa na kengele, mkasi na kamera. Ilifikiriwa kwamba mtazamaji Mwafrika hawezi kufuata hadithi inayoruka kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo akatengenezewa hadithi za pole pole zenye fundisho dhahiri.

Lakini kwa jarida la Kiswahili lililo kubwa zaidi ni hili. Nyingi za filamu hizo hazikuwa na maneno. Msemaji alisimama kando ya kiwambo akazieleza kwa lugha ya mahali, na huku mashariki lugha hiyo ilikuwa Kiswahili. Mikanda imehifadhiwa, sehemu kubwa huko Ubelgiji, nayo yaweza kutazamwa. Sauti ya msemaji haikunaswa. Hatujui alifuata maandishi ya padri neno kwa neno au aliongeza yake; hatujui watu walicheka pale padri alipokusudia wacheke au mahali pengine kabisa. Alfredo aliviweka vipande vyake katika kopo. Sisi tuna mkanda mzima, na kipande kilichokatwa ni Kiswahili.

Majumba ya mjini, kwa upande wake, hayakutii fundisho. Vijana wa Léopoldville wa miaka ya 1950 walijiita Bills kwa ajili ya Buffalo Bill, kama alivyoeleza Ch. Didier Gondola katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya filamu za kauboi na ujana mjini Kinshasa. Lugha yao ikaitwa indoubil, jina ambalo kwa kawaida huelezwa kuwa limeunganisha filamu za Kihindi na huyo Bill. Jina hilo lilisafiri kuja mashariki. Didier Goyvaerts aliieleza indoubil ya Bukavu mwaka 1988 kuwa mchanganyiko uliojengwa juu ya Kiswahili, na Lubumbashi wanaijua kindubile. Wanaisimu tumeandika sana juu ya viambishi na kuchanganya ndimi, wala hatukusimama kustaajabu kwamba jina lenyewe limetoka jumba la sinema. Kutoka kiwambo tumerithi jina la lugha. Kutoka chumba cha mitambo, kadiri tulivyosoma, hakuna aliyekusanya hata orodha ya maneno 20.

Nayo haitakusanyika yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2014 ilijulikana kwamba Paramount imekuwa kampuni kubwa ya kwanza kuacha kupeleka mikanda ya milimita 35 katika majumba ya Marekani; filamu sasa hufika katika diski ndogo, hufunguliwa kwa namba ya siri, na chumba cha juu chaweza kukaa bila mtu. Waonyeshaji wetu wa zamani waliobaki ni wachache, nao ni wakongwe. Wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo huja kwetu wakitaka kuandika juu ya "sinema ya zamani", na kwa kawaida tunawapa majina ya vitabu. Mwaka huu tumewapa maswali. Ile alama ya duara kwenye pembe ya picha, mzee, mlikuwa mkiiitaje? Kuunga mkanda uliokatika, mlisemaje, na mliunga kwa kitu gani? Vijiti vya taa vilipokwisha kabla ya bobini, mlifanya nini? Na ukiagizwa ukate, vipande ulivitia wapi?